Ngome nyingi “za Wakathari” zilijengwa na waliowashinda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nichangie makala yenu ya utalii kuhusu magofu ya kusini mwa Ufaransa yanayoitwa ngome za Wakathari. Makala ilisomeka vizuri, na picha ya Montségur, jabali lenye kimo cha mita 1,207 kutoka usawa wa bahari, ilitushangaza sisi watu wa Pemba ambao vilima vyetu havifiki hata mita 150. Hata hivyo, mwandishi alieleza kwamba kuta zinazoonekana leo kileleni ndizo zilizowahifadhi Wakathari hadi siku yao ya mwisho. Maelezo hayo si sahihi, na kwa kuwa sisi nasi ni watu wa kuwaonyesha wageni magofu, naona inafaa yasahihishwe.

Wakathari walikuwa Wakristo wa karne ya 12 na ya 13 katika nchi ya Languedoc, yenye miji ya Toulouse, Carcassonne na Béziers. Waliamini kwamba ziko asili mbili, ya wema na ya uovu, na kwamba ulimwengu huu wa udongo na nyama ni kazi ya ile ya uovu. Kwa sababu hiyo viongozi wao, wanaume kwa wanawake, ambao watu waliwaita Watu Wema, hawakuoa wala kuolewa, hawakula nyama, mayai wala maziwa, ingawa samaki walikula, na walikataa kabisa kuapa. Waumini wa kawaida hawakubanwa na masharti hayo. Waliishi kama jirani zao Wakatoliki, na wengi walingoja mpaka wawe taabani kitandani ndipo wawekewe mikono kichwani na kupokea ibada ile moja waliyoiona kuwa ndiyo wokovu. Mabwana wengi wa nchi hiyo, ambao mara nyingine mama zao na dada zao walikuwamo katika imani hiyo, hawakuona sababu ya kuwaandama.

Aliyeiona sababu ni Papa Innocent III. Mjumbe wake, Pierre de Castelnau, alipouawa Januari 1208, Papa alitangaza vita vya msalaba, na msomaji aliyezoea kusikia vita hivyo vikipiganwa Shamu dhidi ya Waislamu azingatie kwamba safari hii Wakristo waliitwa kuwapiga Wakristo, katika nchi ya Wakristo, kwa ahadi ya kusamehewa dhambi baada ya kutumika siku 40. Tarehe 22 Julai 1209 Béziers ilivamiwa, na watu wake wakauawa bila kuulizwa nani ni nani. Makala yenu iliirudia ile kauli ya abati Arnaud Amaury, mjumbe wa Papa katika jeshi hilo, kwamba wauawe wote na Mungu atawatambua walio wake. Kauli hiyo tumeipata kwa mtawa wa Kijerumani, Caesarius wa Heisterbach, aliyeiandika miaka kadhaa baadaye na ambaye hakuwapo vitani. Sioni haja ya kumsingizia abati huyo neno, maana barua yake mwenyewe kwa Papa, iliyotaja karibu watu 20,000 waliouawa bila kujali umri wala jinsia, inatosha kumhukumu.

Carcassonne ilisalimu amri Agosti mwaka huohuo. Bwana wake kijana, Raymond-Roger Trencavel, alifia kifungoni mwezi Novemba, na milki yake akakabidhiwa Simon de Montfort, mgeni kutoka kaskazini. Tangu hapo ilikuwa vigumu kujua wapi dini inaishia na wapi tamaa ya ardhi inaanzia. Montfort aliuawa mwaka 1218 kwa jiwe lililorushwa na mtambo kutoka kwenye kuta za Toulouse, lakini vita viliendelea hadi mkataba wa mwaka 1229, ambao kwa masharti yake ya ndoa na urithi uliitia Toulouse mikononi mwa ufalme wa Ufaransa mwaka 1271. Miaka michache baada ya mkataba huo zilikuja mahakama za kuchunguza imani za watu, ambazo kwa maoni yangu ziliwamaliza Wakathari kuliko panga zilivyofanya.

Sasa nirudi Montségur. Ngome ya hapo ilijengwa upya mnamo mwaka 1204 na bwana wa mahali hapo, Raymond de Péreille, kwa ombi la Wakathari wenyewe, na baadaye ikawa makao makuu ya kanisa lao. Mei 1242 watu wa ngome hiyo walishuka hadi Avignonet wakawaua usiku mahakimu wa imani waliokuwa wamelala huko. Mwaka uliofuata Hugues des Arcis, liwali wa mfalme aliyekaa Carcassonne, alilizingira jabali kwa muda wa miezi kumi hivi. Mwanzoni mwa Machi 1244 waliozingirwa walikubali kusalimu amri na kupewa muda wa wiki mbili, na katika wiki hizo mbili, hali kila mtu akijua kwamba atakayeikana imani yake atasalimika, watu wapatao ishirini, miongoni mwao askari, waliomba kupokea ibada na kuhesabiwa pamoja na Watu Wema. Tarehe 16 Machi zaidi ya watu 200 walichomwa moto.

Baada ya hapo jabali lilikabidhiwa ukoo wa Lévis, uliokuwa upande wa washindi, na ndio uliojenga boma ambalo watalii wanalipiga picha leo. Mabaki ya Wakathari wenyewe yako nje ya ukuta huo, nayo hayana mvuto kwenye picha: ni misingi ya nyumba ndogo zilizobanana kwenye matuta ya mteremko, iliyofukuliwa na wachimbaji wa mambo ya kale.

Ngome nyingine nazo zina habari kama hiyo. Quéribus, kimbilio la mwisho, iliangukia mikononi mwa mfalme mwaka 1255, na mwaka 1258 Ufaransa na Aragon, ufalme jirani wa upande wa Hispania, zilitiliana saini mkataba wa Corbeil uliopitisha mpaka karibu na miamba hiyo. Mfalme akaziimarisha Quéribus, Peyrepertuse, Puilaurens, Termes na Aguilar ziwe walinzi wa mpaka. Pale Peyrepertuse mgeni hupanda ngazi iliyochongwa kwenye ubavu wa mwamba hadi boma la juu, na ngazi hiyo pamoja na boma lenyewe ni kazi ya mfalme Louis IX. Mpaka ulipohamishwa mwaka 1659 ngome zilipoteza kazi yake, zikaachwa. Jina la Wakathari lilikuja kutamba baadaye sana, na siku hizi katika wilaya ya Aude limekuwa alama ya biashara ya mvinyo, mikate, na hata nyama, ambayo Watu Wema wasingeigusa!

Kwetu mambo hayako mbali na hayo. Wageni wengi huambiwa kwamba Ngome Kongwe pale Forodhani ni ya Wareno, ilhali ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kuondolewa, mahali palipokuwa na kanisa lao. Nyumba za mawe za Fukuchani na Mvuleni, kaskazini mwa Unguja, zimezoeleka kuitwa za Wareno, na wataalamu wangali wakibishana kama si Waswahili waliozijenga. Kibao kinachoueleza ubishi huo kingemfanya mgeni azitazame upya zile tundu za bunduki ukutani na matao ya mawe ya matumbawe, badala ya kupita haraka.

Naiomba idara inayosimamia mambo ya kale ianzie Pujini, hapa Pemba. Ngome ya huko ni ya karne ya 15, kabla Mreno hajafika, na katika mwambao wetu ni nadra kuona ngome ya wakati huo. Kibao chake kitaje umri huo na yaliyopatikana katika uchimbaji, kisha habari za Mkama Ndume, mtawala anayesemwa kuijenga, na watu aliowabebesha mawe huku wakijikokota kwa makalio ziandikwe chini yake, na ielezwe wazi kwamba hayo ni masimulizi ya wazee.

Msomaji wako,
Chake Chake, Pemba.