Kishindo, mzee asiyejua kuwa ni mzee

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ukimwacha Mama ambaye habari zake zinakuja, nami natumaini nyote huko ni wazima na kile kikohozi cha babu wa chini kimetulia. Najua nimenyamaza tangu arusi ya wale wawili. Nawe umenyamaza, basi tusihesabiane. Nakuandikia saa tano usiku nikiwa nimekaa sakafuni, maana kiti kimekaliwa na mbwa.

Ndiyo, Kishindo. Bado yupo. Unakumbuka nilivyokwambia namshika wiki mbili tu, mpaka wale wa makao ya mbwa wasio na wenyewe wampatie mtu? Wiki mbili zimezaa mwaka na miezi minne. Sasa ni lazima aende kwa mtu mwingine, kweli kabisa safari hii, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kisa ni Mama. Tangu avunjike nyonga amehamia kwangu. (Hakuangushwa na mbwa, usianze maneno.) Anatembea kwa kuegemea kile kichuma cha miguu minne, hatua moja, pumzi mbili. Na Kishindo anampenda mno, ndiyo taabu yenyewe. Akisikia kile chuma kinagonga sakafu anatoka mbio mwisho wa ukumbi, anakumbuka kufunga breki akiwa ameshachelewa, anateleza kwa makalio hadi miguuni pake. Wiki iliyopita aligonga kile chuma kikapinduka. Nilitoka jikoni nikamkuta Mama ameng'ang'ania kitasa cha mlango, vidole vimemwiva, na Kishindo ameketi mbele yake anapiga mkia chini, pap, pap, pap, kama anayesubiri kupongezwa. Mama akanitazama akasema, "Huyu ananipenda, lakini atanizika."

Nimeshajaribu. Nimeweka kigeti ukumbini. Alikiruka siku ya pili, na umri wake huo. Nimemfundisha kukaa kabla ya kusalimia, na anakaa vizuri sana kwangu mimi. Mama akitokea, mafunzo yote yanayeyuka. Siwezi kuwa macho saa ishirini na nne, na nyonga ya pili ikivunjika sitajisamehe. Basi.

Sasa tatizo ni hili. Mtu akisikia "mbwa mzee" anajichorea mbwa wa kulala miguuni mwake jioni, wa kukoroma. Akisikia "ana nguvu nyingi" anataka kitoto cha kulea mwenyewe. Huyu wangu ni vyote viwili, na inaonekana nafasi hiyo haipo katika kichwa cha mtu yeyote. Wa kwanza aliyekuja alimkuta Kishindo amesimama kwa miguu ya nyuma anachungulia dirishani, akaniuliza, "Na yule mzee yuko wapi?"

Daktari wa mifugo anamkadiria miaka kama 10, kwa kutazama meno na mwili, na alikiri kuwa mbwa akishakomaa meno ni ya kukisia tu. Usipige ile hesabu ya kuzidisha kwa 7, haina kichwa wala miguu: mbwa wa mwaka mmoja anaweza kuzaa, je, mtoto wa miaka 7 anaweza? Tena wakubwa wa mwili huzeeka upesi kuliko wadogo, na huyu ni wa kati. Kuna yule Bluey wa Australia, mchunga ng'ombe, aliyekufa mwaka 1939 akiwa na miaka 29 na miezi 5. Sisemi Kishindo atafika huko. Nasema tu watu wasimzike kabla ya siku zake.

Macho yake yana ukungu wa buluu na kila mtu hushtuka, "Maskini, kipofu!" Si mtoto wa jicho. Ni lenzi inayokakamaa kwa uzee, na anaona vizuri tu. Anaona nzi upande wa pili wa chumba. Masikio ndiyo yanaanza kugoma, au anajifanya, kwa hiyo namwita kwa ishara za mkono.

Nikueleze na kosa langu, maana yeyote atakayemchukua atalifanya. Miezi ya mwanzo niliamini dawa ya mbwa mwenye nguvu ni kumchosha, nikawa namrushia mpira asubuhi na jioni. Alikuwa anaruka, anajipinda hewani, anatua kwa mguu mmoja, nami napiga makofi kama mjinga. Kulipokucha anainuka kwa mafungu: kwanza kifua, kisha anafikiri, kisha nyuma inafuata ikitetemeka kama kiti cha kukunja ambacho bawaba zimeshika kutu. Viungo. Daktari aliniambia maneno mawili: usimkimbize, mnusishe. Mbwa ana vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 100, sisi tuna milioni chache tu, kwa hiyo nguzo moja ya njiani kwake ni gazeti zima. Siku hizi tunatoka mara mbili, kamba ndefu, mkanda wa kifuani si wa shingoni, na yeye ndiye anayeamua tusimame wapi. Nimewahi kusimama dakika sita kwenye jani moja. Sita! Nilitazama saa. Lakini akirudi nyumbani anajitupa kitini na kulala kama gunia. Chakula cha jioni namviringishia ndani ya taulo kuukuu, anakitafuta kwa pua, robo saa ya kazi. Angalau siku hizi asubuhi hainuki kwa mafungu, ila siku za baridi.

Nimekwenda mbali. Nilikuwa kwenye watu.

Yupo aliyepiga simu bila hata kuuliza jina. Swali lake la kwanza lilikuwa kama dume huyu amehasiwa. Nikamwambia amehasiwa. Akakata. Nilipowasimulia wale wa makao hawakushangaa. Wakaniuliza kama nimeandika "bure" kwenye tangazo. Nilikuwa nimeandika. Kumbe neno hilo huvuta watu wa kila namna, wanaotaka wa kuzalisha, na wengine wa kwenda kuchokozea mbwa wa kupigana. Nikalifuta usiku uleule, mikono inanitetemeka. Tangu hapo simpi mtu kabla sijafika kwake, na anayekataa nisifike kwake ameshanijibu.

Akaja bwana mmoja mpole, ana uwanja mkubwa, anataka wa kufunga mnyororo mchana na kumwachia usiku alinde. Kishindo alinde! Mwizi akija atamwonyesha mpaka chumba cha kulala.

Halafu walikuja wengine wawili. Hawa wananiuma mpaka sasa. Mume na mke, nyumba ya chini haina ngazi, ua mzima hauna tundu, walimlea mbwa wao mpaka akafa wa uzee. Walimtembeza pamoja nami mara tatu kabla ya kumchukua. Nikasema, ndio hawa. Niliwapa kadi yake ya chanjo, kichaa cha mbwa na nyingine zote, chakula chake cha wiki mbili ili wabadilishe kidogo kidogo asiharishe, dawa ya viungo na onyo langu la kila siku kwamba wasithubutu kumpa dawa za maumivu za binadamu, zinaua mbwa. Niliwaeleza na ile kanuni ya watu wa makao: siku 3 za woga, wiki 3 za kuzoea utaratibu, miezi 3 ndipo aone kwamba ni kwake. Nikampakia na blanketi lake, lile la mistari, halijafuliwa makusudi ili liwe na harufu ya hapa.

Siku ya nne walimrudisha. Alikuwa analia usiku kucha mlangoni, na bibi ana kazi asubuhi. Sikuwalaumu, au niseme nilijitahidi nisiwalaumu. Kisha nikafungua mfuko wa blanketi, nikasikia harufu ya sabuni. Walikuwa wamelifua. Kwa nia njema kabisa, liwe safi. Kishindo alinusa kila mwimo wa mlango hapa ndani, mmoja mmoja, halafu akapanda kitini, akalisukuma blanketi kwa pua likaanguka chini.

Nimewaza kumrudisha makao. Mkataba nilioweka saini unasema nikishindwa arudi kwao, nisimpe mtu bila wao kujua, na naona ni haki. Wanasema watampokea siku yoyote. Lakini nimefika kule juzi. Vizimba vimejaa, kelele tupu, na wageni wanaokuja wanapita moja kwa moja hadi kwa vitoto. Wazee wanabaki nyuma ya waya wanatazama viatu vya watu vikipita. Mmoja mweusi mwenye mdomo mweupe nilimwacha hapo mwaka na miezi minne iliyopita. Yupo palepale.

Kaka Mrefu ananiambia nachagua sana, kwamba hata malaika akija nitamkagua ua. Labda. Usiku kama huu, huyu akikoroma kichwani kwangu, nami najiuliza kama nawatafutia watu kasoro ili... Tuliache hilo. Mama akienda msalani usiku moyo wangu unasimama, na hilo halina majadiliano.

Sasa nakuja kwako. Nimezunguka kurasa tatu nikijidai kwamba nakuomba uwaulizie watu, na wewe hukuzaliwa jana. Nakuomba wewe. Najua ulivyosema tangu mbwa wako, Mzee Kijivu, aondoke, kwamba hutaki tena kuzika. Nilikuwepo, nilishika jembe lile. Sitakudanganya kwamba huyu ana miaka mingi. Pengine minne, pengine mmoja. Lakini wewe unatembea kila alfajiri kwa miguu yako mwenyewe na unarudi ukilalamika kwamba huna wa kuzungumza naye. Nyumba yako haina ngazi. Na ndiwe mtu pekee ninayemjua ambaye hawezi kufua blanketi la mbwa hata akilipwa.

Si lazima uchukue moja kwa moja. Njoo kwanza tumtembeze pamoja, mahali ambapo si kwangu wala kwako. Ukiridhika, akae kwako mwezi mzima kwa majaribio, karatasi zibaki kwa jina langu, daktari na dawa nigharamie mimi. Ikigeuka kuwa ndivyo, tutawaambia wale wa makao waje wakague, kisha tubadilishe jina kwenye ile chipu yake ya ngozini; hilo tusilisahau, maana akipotea wiki ya kwanza atatangazwa kuwa wangu, na wiki ya kwanza ndiyo wanayotoroka.

Nina maswali, nisamehe. Lile tundu la ua nyuma ya tangi uliliziba? Paka bado yupo, na ni wa kukimbia au wa kusimama akavimba? (Faili la Kishindo kwenye paka limeandikwa "haijulikani", na mimi sijathubutu kujua.) Huwa unatoka nyumbani saa ngapi mpaka saa ngapi siku hizi? Akilia siku tatu za mwanzo, majirani watavumilia, hasa yule? Mjomba bado anasema mbwa asiingie ndani, au amelegea? Na wewe mwenyewe, umelala vizuri tangu lile jambo la kazini? Hilo ndilo nilipaswa kuanza nalo, nisamehe tena.

Nijibu hata kwa mstari mmoja. Ukisema hapana sitanuna. Au nitanuna siku mbili, kisha nitakupigia.

Mama anakusalimu, anasema ukija uje na mikono yenye nguvu.

Wako daima,
mimi

Nyongeza: Blanketi amelirudia. Ilichukua siku kumi na moja. Sijaligusa.