Kabla hujanunua betri mpya, tuione kwanza chaja yako

Mwalimu mmoja aliingia dukani kwetu hapa Tanga asubuhi na mapema, laptopu kwapani na mfuko wa plastiki mkononi. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akatoa mfukoni betri mbili na kuzipanga juu ya meza, zote bado zinang'aa.

"Fundi, hii ya kwanza niliambiwa ni feki, nikanunua ya pili. Na hii nayo haiingizi chaji. Nimechoka."

"Pole sana, mwalimu. Chaja iko wapi?"

"Chaja ni nzima, nimeiacha nyumbani Muheza. Nikiichomeka, laptopu inawaka bila shida."

Tulichomeka chaja yetu ya kupimia. Taa ndogo ya pembeni ikawaka, na ndani ya dakika chache asilimia zikaanza kupanda. Tukabadilisha betri, na ile "feki" nayo ikapanda vilevile. Betri zote mbili zilikuwa nzima. Kesho yake alirudi na kosta ya alfajiri, safari hii akiwa na chaja. Tulipoelekeza mdomo wa chaja kwenye mwanga, jibu lilikuwa pale: kale kasindano kembamba kaliko katikati ya tundu kalikuwa kamelala pembeni, kamegusa ukuta.

Kasindano hako ndiko tunakotaka ukajue. Kwenye laptopu nyingi za Dell, na kwenye HP zinazotumia chaja yenye mdomo wa bluu, umeme wenyewe unapita kwenye chuma cha nje na cha ndani cha mdomo. Pini ya katikati haibebi umeme wa kuchaji. Kazi yake ni kuiambia laptopu chaja hii ni ya wati ngapi. Ikipinda, ikikatika, au waya wake ukikatikia ndani ya kamba, laptopu inapata umeme lakini haijui umetoka kwa nani. Inachofanya ni kujihami: inawaka, lakini inakataa kuchaji betri, na mara nyingi inajipunguza kasi. Mwalimu alikuwa ameshaonywa. Kila akiiwasha ilileta maandishi ya Kiingereza kwamba aina ya chaja haitambuliki, naye akawa anabonyeza F1 yaondoke aendelee na kazi zake. Alifanya hivyo wiki tatu nzima.

Tunaandika haya kwa sababu hadithi hiyo tunaiona mara kwa mara, na inatuuma. Mtu anatumia fedha ya ada ya mtoto kununua betri ambayo haikuhitajika, kwa kuwa alipomwambia muuzaji "haichaji", muuzaji alisikia "betri".

Na neno "haichaji" lenyewe linabeba mambo matatu. Kuna laptopu iliyozima kabisa, hata ukichomeka chaja haitoi mwanga wowote. Kuna inayofanya kazi vizuri kwenye umeme lakini asilimia haziongezeki. Na kuna inayojaa mpaka mia, ila ukichomoa tu inazima kabla hujamaliza kuandika barua moja. Ya kwanza tunaanza kuitafuta ukutani na kwenye chaja. Ya pili ina sababu nyingi, na baadhi hazihitaji fundi. Ya tatu ndiyo inayotufanya tuishuku betri.

Tuanzie ukutani. Jaribu soketi nyingine, na usipitie kwenye ekstensheni yenye vitu sita. Kisha utazame waya unaotoka ukutani kwenda kwenye adapta, lile boksi la chaja. Waya huo unachomoka, na unafanana kwenye chaja nyingi, kwa hiyo azima wa jirani ujaribu. Ikiwa plagi yako ni ile ya pini tatu bapa, ndani yake mna fyuzi ndogo, kwa kawaida ya ampea 3 au 5 kwenye waya za laptopu. Chaja nyingi tunazoletewa kama "zimekufa" zimeunguza fyuzi tu, kitu cha bei ndogo sana. Tafadhali usiizungushie karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili umeme upite. Fyuzi iliungua ili nyumba isiungue.

Umeme ukikatika, chomoa chaja. Chaja ya laptopu ina uvumilivu mkubwa, kibandiko chake kitakuonyesha inapokea kuanzia volti 100 hadi 240, hivyo umeme ukiwa mdogo kidogo haiumii. Kinachoiua ni ule mpigo wa umeme unaporudi ghafla. Ngoja dakika chache utulie, ndipo uchomeke.

Sasa kibandiko chenyewe. Geuza adapta usome palipoandikwa OUTPUT. Utakuta kitu kama volti 19.5 na ampea 3.34. Zidisha namba hizo mbili upate wati 65. Volti 19.5 kwa ampea 4.62 ni wati 90. Chaja unayonunua lazima volti zake zilingane na zinazotakiwa na laptopu yako. Ampea zinaweza kuwa kubwa zaidi bila madhara, kwa sababu laptopu huvuta inachohitaji tu, lakini zikiwa pungufu tatizo linaanza. Ukiipa chaja ya wati 45 laptopu inayotaka 90, inaweza kuchaji ikiwa imezimwa, lakini ukianza kazi asilimia zinaganda au zinashuka huku chaja imechomekwa.

Wenye laptopu za Type-C wanaangukia hapo zaidi, kwa sababu mdomo ni uleule wa simu na kila chaja inaingia. Chaja ya simu ya kawaida hutoa volti 5 na ampea 2, yaani wati 10. Laptopu nyingi za aina hiyo zinataka 45 au 65, na tena zinahitaji chaja inayoweza kupandisha volti mpaka 20 baada ya kukubaliana na laptopu. Kwa hiyo kuingia kwa mdomo hakumaanishi chaja inafaa. Kamba nayo iangalie: ya kawaida inabeba mwisho ampea 3, na zile nyembamba za simu nyingine hazifiki hata huko.

Kama chaja ni sahihi na nzima, shika mdomo wake ulipoingia kwenye laptopu uutikise taratibu. Taa ikiwaka na kuzima, tundu la chaji limelegea au limevunjika ndani. Kwenye laptopu nyingi tundu hilo ni kipande chenye waya wake, linabadilishwa peke yake. Kwenye nyingine limechomelewa kwa risasi juu ya mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, nayo ni kazi ya mkono uliotulia. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, hewa ya chumvi. Tunafungua laptopu za watu wanaoishi karibu na bahari tukakuta ukoga wa kijani kwenye pini, na baada ya kuusafisha kwa spiriti na brashi laini chaji inarudi bila kubadilisha chochote.

Kuna kundi lingine linalotufurahisha kulihudumia, maana linaondoka bila kulipa. Laptopu inasimama kwenye asilimia 80, au 60, na haisogei tena. Hiyo haijaharibika. Ni mpangilio uliowekwa makusudi ili betri idumu, kwa sababu betri ya lithiamu ikikaa imejaa kabisa siku zote, tena kwenye joto, inazeeka haraka. Lenovo, Asus, Dell na HP zote wana mpangilio wa namna hiyo kwenye laptopu zao nyingi, ama ndani ya programu ya kampuni, ama kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayofunguka kabla ya Windows. Laptopu nyingi zinazouzwa hapa zilikuwa za ofisi za nje, na fundi wa ofisi ile aliziwekea kikomo kikabaki. Kama kazi yako ni ya mezani umechomeka kutwa, kiache. Kama unasafiri, kiondoe.

Mara nyingine ni kompyuta yenyewe iliyochanganyikiwa. Izime, chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde 30. Rudisha kila kitu, uwashe. Hatua hii haina gharama na haifuti kitu chako chochote. Na kama laptopu ni ya moto mkononi, iache ipoe kwanza. Betri hizi huwa hazipokei chaji zikishafika nyuzi joto 45 hivi. Msimu wa kaskazi, laptopu imelazwa juu ya godoro, matundu ya hewa yamezibwa na shuka, huko inafika bila kutafuta.

Tukishapita yote hayo ndipo tunaigeukia betri, na hapa hatutaki utuamini kwa maneno. Kwenye Windows, andika cmd sehemu ya kutafutia, fungua, kisha andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Itakuandikia ripoti imehifadhiwa wapi, ifungue kama ukurasa wa intaneti. Tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, yaani uwezo iliobaki nao leo. Tuseme wa kwanza ni mWh 42,000 na wa pili 18,900 (mWh ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuuhifadhi). Gawanya, betri hiyo imebaki na asilimia 45. Hata ikionyesha imejaa mia, ni mia ya kikombe kilichokatwa nusu. Sisi tukiona imeshuka chini ya nusu na mteja anahitaji kutembea nayo, tunamshauri abadilishe. Ikiwa iko 70 au 80 na bado haichaji, tunarudi kuchunguza kwingine.

Ripoti hiyo ifanye pia siku unayonunua laptopu iliyotumika, kabla hujatoa fedha. Mwambie muuzaji aifungue mbele yako. Inachukua dakika moja, na itakuambia kuhusu betri yale ambayo kasha lililong'arishwa haliwezi kukuambia.

Betri iliyolala bila chaji muda mrefu ni mgonjwa wa aina yake. Mwanafunzi anaifungia laptopu kabatini likizo nzima ikiwa sifuri, akirudi haipokei tena. Ndani ya betri mna seli, yaani vibetri vidogo vilivyounganishwa. Chaji ya seli ikishuka mno, saketi ya ulinzi iliyomo humo inaifunga betri. Wapo wanaoifungua na kuishtua kwa umeme wa moja kwa moja mpaka iamke. Sisi hatufanyi hivyo. Seli ikishushwa mno, shaba ya ndani huanza kuyeyuka na kuganda pasipotakiwa, na ikichajiwa tena inaweza kupiga shoti humohumo ndani, labda usiku umelala. Kama unaiweka laptopu kwa muda mrefu, iache na nusu ya chaji.

Na tafadhali, hili lisome pole pole. Kama sehemu ya kugusia kwa kidole imeinuka, haibonyezeki tena, au laptopu haikai sawa mezani inayumba kama bakuli, betri imevimba. Ndani yake mna gesi. Zima, chomoa chaja, usiichaji tena hata dakika moja. Usiitoboe kutoa hewa. Tumesikia watu wakishauriana hivyo, na ni ushauri unaoweza kuwasha moto mkononi mwako. Usiitupe jalalani wala kwenye moto wa taka, kwa sababu atakayeichokonoa huko ni mtoto. Iweke juu ya sakafu ya vigae au saruji, mbali na mapazia na godoro, utuletee siku hiyohiyo. Kuitoa hatukutozi, hata kama betri mpya utanunua kwingine.

Ukinunua mpya, utaambiwa uichaji kwa muda wa saa nane au kumi na mbili kabla ya kuitumia. Hayo ni mazoea ya betri za zamani za nikeli. Ya lithiamu itumie tu, ikijaa imejaa. Muhimu zaidi ni kulinganisha volti na namba ya aina iliyoandikwa kwenye betri ya zamani, kwa hiyo usiitupe ile kabla ya kwenda dukani.

Ikitokea chaja ni nzima, tundu ni zima, betri ni nzima na bado chaji haiingii, tatizo liko kwenye mazabodi, hasa kwenye saketi ya kuchaji. Mara nyingi ni maji, chai, au umeme uliozidi. Hapo tunafungua, tunapima, na tunakuambia gharama kabla ya kugusa risasi. Ukiona haikulipi, tunaifunga tunakurudishia kama ilivyokuja.

Upimaji tunaufanya ukiwa umekaa mbele ya meza, unaona mita inasoma nini. Nywila yako hatuiombi. Ikibidi kusoma ripoti ya betri, utaiandika mwenyewe. Mwalimu wa Muheza aliondoka na chaja mpya, na betri ya pili tukamsaidia kuirudisha alikoinunua, wakaipokea kwa kuwa ilikuwa haijapata hata mkwaruzo.

Ukija, beba laptopu, betri ya zamani kama ipo, na chaja yako ileile unayoitumia nyumbani pamoja na waya wake wa ukutani, hata kama una hakika ni nzima.