Usilipie rangi, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Picha ya jiwe uliyonitumia jana usiku nimeitazama mpaka simu ikazimika. Unauliza, "Mama, hii ni rubi?" Sikukujibu palepale kwa sababu rangi ya kwenye picha haiwezi kuniambia. Tafadhali, usimmalizie mwenye jiwe hela yake.

Najua lilivyokushika. Ni jekundu, linawaka, na umelipata Mahenge, ambako rubi ipo kweli. Lakini Mahenge hiyohiyo ina spineli nyekundu, jiwe jingine la thamani, na yote mawili huzaliwa ndani ya marumaru. Wekundu wao nao unatoka kwa mgeni mmoja, kromiamu kidogo mno iliyoingia wakati jiwe linajijenga. Kwenye taji la Uingereza lipo jiwe kubwa jekundu ambalo hadi leo linaitwa rubi ya Black Prince, kumbe ni spineli. Kama wafalme walikaa na kosa hilo kwa karne nyingi, wewe wa miezi mitatu kwenye biashara usijilaumu kwa kuuliza.

Rangi hupotosha hata kinyume chake. Rubi wazee wetu waliiita yakuti, na ile ya buluu wakaiita yakuti samawi, na walikuwa sahihi: rubi na safaya ni madini yaleyale, korandamu. Ondoa kromiamu, weka chuma na titaniamu kidogo, jiwe linakuwa buluu.

Sijawahi kukusimulia hili. Nikiwa na mimba yako nilinunua kifurushi cha mawe mekundu kwa mtu niliyemwamini. Tuliyatazama saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala, saa ambayo kila chekundu hupendeza. Nilitoa mtaji wote. Mnunuzi wa Arusha aliyapima moja moja, yote yakawa ganeti. Ganeti ni jiwe zuri, ila mimi nilikuwa nimelipa bei ya rubi. Baba yako hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliuza baiskeli yake, tukalipa kodi ya nyumba.

Tangu siku hiyo natembea na daikroskopu, kifaa kidogo cha kuchungulia rangi za jiwe. Rubi ukiigeuzageuza humo inaonyesha rangi mbili, wekundu wa kuelekea zambarau na wekundu wa kuelekea chungwa. Spineli na ganeti hubaki na rangi moja tu. Kisha pima uzito jiwe likiwa nje ya maji, halafu likiwa limezama. Gawanya uzito wa kwanza kwa tofauti ya hizo mbili: rubi inakuja karibu 4.0, spineli karibu 3.6. Ganeti nyingine nazo hufika 4, kwa hiyo mizani peke yake haitoshi. Usilikwaruze jiwe la mtu, hata kama utamwona fundi anafanya hivyo.

Sasa angalia tena picha yako, kwenye kona ya kushoto. Unaona nyuso zile za pembetatu, kama piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako? Rubi huwa na pande sita. Moyo wangu unaniambia ni spineli, na spineli safi ya Mahenge ina wanunuzi wake. Ila ina bei yake.

Mwombe mwenye jiwe mpande naye basi la Ijumaa, jiwe libaki mkononi mwake. Nitawapokea stendi na kifaa changu.

Mama yako.