Kwa nini chupa ya mwaka huu si sawa na ya mwaka jana

Mteja wetu mmoja alirudisha chupa akiwa amekasirika. Alikuwa amenunua mvinyo mwekundu aliouzoea, jina la shamba lilelile, lebo ileile, akamkaribisha mgeni wake, na glasi ya mwisho ikatoka na mashapo meusi kama masizi. Tena, alisema, hata ladha imegeuka: ule wa mwaka jana ulikuwa laini, huu unakaza ulimi. Aliamini kabisa ameuziwa bandia. Nikauonja mbele yake. Mvinyo ulikuwa mzima. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilimkabidhi chupa bila kumweleza anachonunua. Tangu siku hiyo simuuzii mtu mvinyo wa shamba moja kabla hatujazungumza.

Mvinyo mwingi duniani huchanganywa. Zabibu hutoka mashamba kadhaa, na fundi hupima: huu una uchachu, ule una rangi, ule wa tatu una harufu ya matunda, mpaka apate ladha isiyobadilika mwaka hadi mwaka. Ni ufundi mkubwa, nami siudharau. Lakini anayetengeneza mvinyo wa shamba moja amejinyima njia hiyo. Zabibu zake zote zimetoka kwenye kipande kimoja cha ardhi chenye mipaka inayojulikana. Mvua ikimkuta wakati wa kuchuma, hana shamba jingine la kumwokoa. Msimu ukiwa mkavu, punje hubaki ndogo, ganda linakuwa jingi ukilinganisha na maji ya ndani, na ganda ndilo lenye rangi na ule ukakasi unaobana ulimi kama chai iliyochemka kupita kiasi. Hicho ndicho alichokionja mteja wetu. Alikuwa anaonja hali ya hewa ya mwaka ule.

Vipande vyenyewe vinaweza kuwa vidogo mno. Romanée-Conti, shamba maarufu la Burgundy nchini Ufaransa, halifiki hata hekta 2. Afrika Kusini sheria inataka shamba la namna hii lisajiliwe, liwe na aina moja ya zabibu, na lisizidi hekta 6. Marekani, jina la shamba likiandikwa kwenye lebo, angalau asilimia 95 ya zabibu lazima ziwe zimetoka humo. Jina peke yake halitoshi, hata hivyo. Clos de Vougeot, hukohuko Burgundy, ni kama hekta 50 zilizozungushiwa ukuta mmoja, lakini zimegawanywa kwa makumi ya wamiliki, na mvinyo wa huyu haufanani na wa yule. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kila anayetuletea mvinyo ni hili: nani analima, na analimaje?

Nimewahi kupiga magoti katikati ya mistari ya mizabibu nikiwa na jembe la mkono. Upande mmoja nyasi na mimea ya jamii ya kunde ilikuwa imeachwa iote. Udongo ulipasuka kirahisi, ukanukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza, na minyoo ilikuwa ikijikunja kwenye kila bonge nililogeuza. Hatua chache tu kutoka hapo, kwenye shamba lililopaliwa mpaka likawa jeupe, jembe liliruka kama limegonga tofali. Maji ya mvua huingia kwenye ule udongo wa kwanza na kukaa. Kwenye ule wa pili hutiririka na kuondoka na rutuba. Mzabibu ni mti wa kuishi miongo mingi, na kama mvinyo wako unategemea hekta chache tu, ukiuchosha udongo huo umeumaliza mvinyo wenyewe.

Ndiyo maana wakulima hawa hupitisha kondoo shambani majira ya baridi ili wale magugu na kuacha samadi. Vergenoegd, shamba lililo karibu na Stellenbosch nchini Afrika Kusini, hutuma kundi la bata kula konokono wanaoharibu mizabibu. Napenda sana kuwaeleza wateja habari za bata hao.

Naomba tusichanganye maneno mawili, kilimo hai na kilimo endelevu, maana wengi huuliza. Kilimo hai kinakataza viuatilifu vya viwandani, lakini kinaruhusu shaba dhidi ya ukungu, na shaba hubaki ardhini. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka 7. Kilimo endelevu huweza kuruhusu baadhi ya dawa za viwandani, ila huhesabu mengi zaidi: maji, nishati, uoto wa asili unaozunguka shamba, mara nyingi hata hali ya wafanyakazi. Hakuna kinachomjumuisha mwenzake. Neno "endelevu" likiwa limeandikwa tu bila cheti, mimi huuliza cheti. Mvinyo mwingi wa Afrika Kusini wenye cheti una muhuri wenye namba shingoni mwa chupa, na namba hiyo unaweza kuihakiki mwenyewe kwenye intaneti. Na tafadhali usipime ubora kwa uzito wa chupa. Chupa nzito ni kioo kingi tu, na kukiyeyusha na kukisafirisha kunakula nishati.

Sasa yale mashapo. Mvinyo mwekundu ukikaa, rangi na tanini (ule ukakasi wa ganda) hushikamana na kuzama, hasa kama haukuchujwa sana. Hayana madhara, ni machungu tu mdomoni. Simamisha chupa siku nzima kabla ya kuifungua. Kisha mimina polepole kwenye jagi la kioo, taa ikiwa nyuma ya shingo ya chupa, na usiitikise wala kuirudisha wima katikati. Utaona uzi mweusi ukinyemelea shingoni. Hapo acha. Kama mvinyo bado ni mchanga na unakaza, uache kwenye jagi nusu saa hadi saa moja upate hewa. Unywe ukiwa na nyuzi 16 hadi 18 hivi. Ukiwa na joto kuliko hapo, pombe ndiyo inayotangulia puani.

Chupa mbovu zipo pia, na hizo zirudishe bila kuona haya: inayonuka boksi lililolowa, inayonuka siki, au ambayo kizibo kimesukumwa nje kwa joto. Usiimalize. Rudisha na mvinyo uliobaki ndani, tuonje pamoja, tukubadilishie.

Yule mteja aliondoka na chupa nyingine ya mwaka uleule. Siku hizi akija huuliza mwaka wa mavuno kabla ya kuuliza jina, na mara nyingi huchukua chupa za miaka miwili za shamba moja ili azionje pamoja, glasi kwa glasi. Nawe ukitaka kufanya hivyo, tuambie mapema tukuwekee zote mbili, zikiwa zimesimama.