Barazani mzee huliwazwa, wasiwasi wake hautibiwi

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaoshikilia kwamba mzee wa Lamu hana haja ya tiba ya mazungumzo kwa kuwa ana baraza, ana msikiti na ana jamaa waliomzunguka. Hoja hiyo ina uzito, nami mwenyewe ni mtu wa baraza, lakini inachanganya kuliwazwa na kutibiwa.

Mwaka 2015 jarida la JAMA Psychiatry la Marekani lilichapisha utafiti uliohusu watu 141 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, wakazi wa mashambani katika jimbo la North Carolina, waliosumbuliwa na wasiwasi wa kudumu. Wote walihudumiwa kwa simu. Kundi moja lilipata msikilizaji mwema aliyewaacha waseme yaliyo moyoni bila kuwaelekeza. La pili lilipata tiba ya fikra na mwenendo, ambayo msingi wake uliwekwa na daktari Aaron Beck katika miaka ya 1960. Kundi la pili ndilo lililopata nafuu kubwa zaidi ya wasiwasi.

Katika tiba hii mzee hufunzwa kuitambua fikra inayomtia wahka, kuipima kama ina ushahidi, kutuliza pumzi na kulegeza misuli, kisha kuyarudia kidogo kidogo mambo aliyoanza kuyakwepa. Tuseme yuko bibi aliyeacha kupanda boti ya kuvukia Mokowe, bara, tangu bahari ilipochafuka wakati wa kusi. Barazani ataambiwa asijali, Mungu yupo, na ni kweli yupo. Mtaalamu naye atampangia kwanza ashuke hadi gatini, siku nyingine akae ndani ya boti iliyofungwa, baadaye avuke pamoja na mwanawe, na kila mara wazungumzie alichokiogopa na kilichotokea hasa. Kwa mzee mwendo huwa wa taratibu zaidi, mafunzo hurudiwa, na mazoezi huandikwa kwa maandishi makubwa au kurekodiwa.

Tatizo ni kwamba mzee mwenye wasiwasi mara nyingi hulalamikia moyo kwenda mbio, tumbo au kukosa usingizi. Ni sawa apimwe kwanza moyo na tezi la shingo, lakini vipimo vikionyesha yu salama, ni rahisi mno mambo kuishia kwenye vidonge vya kutuliza vya jamii ya diazepamu. Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani hushauri vidonge hivyo viepukwe kwa wenye miaka 65 na zaidi, kwa sababu huvuruga akili na huongeza hatari ya kuanguka na kuvunjika mifupa. Nani asiyezijua ngazi za nyumba zetu za mawe? (Anayevitumia tayari asiviache ghafla bila daktari, kwani kufanya hivyo nako kuna hatari.)

Simu ndiyo njia inayotufaa. Mzee wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, hawezi kila wiki kusubiri maji yajae ili boti ipite mkondo wa Mkanda, aje kuzungumza na mtu kisiwani Lamu. Wala si lazima mzungumzaji awe daktari: nchini Zimbabwe, tangu 2006, chini ya uongozi wa daktari Dixon Chibanda, akina bibi waliofunzwa huwasaidia watu wenye dhiki za moyo kwenye mabenchi nje ya zahanati. Hapa kwetu wahudumu wa afya ya jamii wapo na wanazijua nyumba za wazee. Wakipata mafunzo na msimamizi mwenye taaluma, wataweza kuzungumza na mzee kwa lahaja yake, Kiamu au Kibajuni, naye mwanamke akachaguliwa mwanamke mwenzake.

Naiomba idara ya afya ya kaunti itujibu kupitia gazeti lako: katika bajeti ijayo, kuna fungu lolote la kumwajiri msimamizi huyo na kulipia muda wa simu?

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu