Ule mstari wako wa "usiguse"

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, nyumbani wote wazima, natumaini nanyi huko hamjambo. Ama baada ya salamu, najua kimya hiki kirefu kimetoka upande wangu. Mara ya mwisho uliniandikia kuhusu kweri yako, lile ombi la kutafuta data, iliyoanza kusuasua, nikakuahidi jibu jioni ile ile, na sikujibu. Nisamehe sana. Jibu nimelileta humu humu, lakini niruhusu kwanza nikueleze kilichoniketisha kuandika leo, maana siku 4 sasa nalala nikiwaza mstari mmoja wa msimbo, na mstari wenyewe ni wako.

Unaukumbuka mfumo wa michango ya wanachama? Ulikuwa unafanya kazi mpaka mwezi uliopita. Ile kompyuta ya chini ya meza ya Mama Risiti ikazimika na haikuwaka tena. Diski tuliiokoa, faili za data zipo zote, msimbo upo, ila programu yenyewe bado sijaweza kuiwasha kwenye mashine nyingine. Nimepewa kazi ya kuhamishia kila kitu kwenye PostgreSQL, hifadhidata ya kisasa. Ilipaswa kufanyika zamani, maana mfumo wetu ni wa FoxPro, hifadhidata ya kizamani. Toleo la mwisho la FoxPro lilitoka 2004, mwaka 2007 ikatangazwa kwamba hakuna jingine litakalofuata, na Januari 2015 msaada ukakoma. Juu ya hayo faili la malipo lilikuwa limefika gigabaiti 1.8, na unajua jedwali moja la FoxPro halivuki gigabaiti 2. Mzee wa Zamu alitukumbusha hilo kila tulipofunga mwaka, nasi tukawa tunamwitikia tu.

Basi nikahamisha. Nikaendesha ripoti ya kufunga mwaka, nikailinganisha na ile iliyochapwa Desemba, ambayo Mama Risiti ameitunza kwenye jalada lake kama hati ya shamba. Karatasi inasema wanachama 6,412. Mfumo mpya ukasema 6,131. Watu 281 hawapo.

Sijakaa sawa, akaja mwanachama mmoja, mama mtu mzima, taarifa yake ya michango mkononi imekunjwa mara nne. Ukurasa mpya wa taarifa nilikuwa nimeujenga kwa sharti lile lile la ripoti. Binti wa mapokezi akaingiza namba yake, jibu likaja: hakuna. Yule mama hakugomba. Alinitazama akasema, "Mwanangu, mimi nimechangia tangu mnaandika kwa mkono." Nimeshaona hitilafu nyingi katika kazi hii, lakini hiyo iliniingia mwilini.

Usiku ule nikashika kweri yako ya ripoti ile na kuisoma neno kwa neno, kama ulivyonifundisha: usikisie, pima. Kwenye sharti uliandika aina <> 7. Yaani chukua kila mtu ambaye aina yake si 7. Ndani ya FoxPro sharti hilo halina neno, kwa sababu namba iliyoachwa tupu inahesabiwa kuwa 0, na 0 si 7, basi mtu anapita. Programu yangu ya kuhamisha iligeuza kila pengo kuwa NULL, yaani thamani isiyojulikana. Na NULL haiwi sawa na 7, wala haiwi tofauti na 7. Jibu lake ni "haijulikani", na rekodi yenye jibu hilo inaachwa nje bila kelele yoyote. Nikahesabu wenye pengo kwenye safu ya aina: 212. Nikatazama tarehe zao za kujiunga, nikaelewa. Wote waliingizwa kabla hujaiongeza safu ya aina. Yaani mfumo mpya uliwasahau wale wale wa mwanzo kabisa, na yule mama ni mmoja wao.

Nimebadilisha sharti likawa aina IS DISTINCT FROM 7, ambapo PostgreSQL inaichukulia NULL kuwa kitu tofauti na 7, na hao 212 wamerudi. Asubuhi yake nilimpigia yule mama mwenyewe, sikumwachia binti wa mapokezi.

Sasa tuko 6,343. Wamebaki 69. Na hapo ndipo nilipokutana nawe.

Mfumo mzima una SET DELETED ON, yaani rekodi zilizofutwa zisionekane, kila mahali. Isipokuwa mistari 2 juu ya ripoti ya kufunga mwaka, ambapo umeweka SET DELETED OFF, yaani zionekane, na pembeni yake umeandika: "usiguse, kuna sababu". Herufi zako za kwanza, na tarehe 12/03/05. Basi. Sababu hukuiandika!

Nilisimama nikacheka peke yangu, kisha nikakaa kimya. Wewe unajua kuliko mimi kwamba FoxPro ukifuta rekodi haiondoki. Inawekewa alama ya nyota kwenye baiti yake ya kwanza, inakaa humo humo kwenye faili mpaka mtu atoe amri ya PACK, inayoziondoa kabisa. Nimelifungua faili baiti kwa baiti nikaziona nyota zenyewe. Mimi katika kuhamisha niliziruka zote, nikiamini kilichofutwa kimefutwa. Kumbe ripoti yako ilikuwa inazihesabu, na kwa makusudi.

Bwana Chapa anasema mstari huo ni mabaki tu, kwamba ulikuwa unatafuta hitilafu ukasahau kuurudisha, niuondoe tuendelee. Simkubalii. Mtu aliyesahau haandiki "kuna sababu". Nimefanya kazi meza moja nawe miaka 6, najua mkono wako.

Kwa hiyo nikazichukua rekodi zenye nyota, ziko 188, nikazitazama moja moja. Kati yake 100 zina aina 7. Nyingi ya hizo ni majina yaliyoingizwa mara mbili siku ile ile, namba ile ile, kiasi kile kile. Nadhani 7 ni makosa ya kuingiza, ingawa hakuna popote palipoandikwa hivyo. Jedwali la maelezo ya aina linaishia 6. Hizo 88 zilizobaki ni habari nyingine. Kila moja ina malipo mazuri tu mpaka Juni, wengine Agosti, kisha kimya, kisha nyota. Hao ni watu waliojitoa katikati ya mwaka. Fedha yao iliingia vitabuni mwaka ule, basi kwenye kufunga mwaka lazima wahesabiwe, la sivyo michango haitalingana na idadi ya watu. Ndiyo sababu yako, sivyo? Nilipofika hapo nilitamani ungekuwa karibu nikushike mkono. Mstari mmoja umelinda hesabu za mwaka baada ya mwaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Ila jumlisha: 6,343 na 88 ni 6,431. Karatasi inasema 6,412. Sasa wamezidi 19.

Mama Risiti na mimi tumekaa jioni 2 na rula, tukishuka jina kwa jina. Kila jina lililo kwenye karatasi limepatikana kwenye faili, hilo namshukuru Mungu. Hao 19 ndio wasiokuwa kwenye karatasi, na wote ni wa nyota. Kumi na mmoja wako mwisho kabisa wa faili, baada ya kila rekodi ya Desemba, kwa hiyo nadhani waliingizwa ripoti ikiwa imeshachapwa, kwa tarehe ya kurudi nyuma, kisha wakafutwa. Sawa. Lakini 8 wako katikati ya faili, kati ya watu wa miaka ya zamani. FoxPro huongeza rekodi mpya mwishoni. Wamefikaje huko?

Nina wazo moja na linanitia hofu kidogo. Kuna wakati ulizungumzia kuokoa nafasi kwa kuchukua rekodi iliyofutwa, kuifuta nyota yake na kuandika mtu mpya juu yake, badala ya kurefusha faili. Sikumbuki kama uliifanya au tuliishia kuzungumza. Kama uliifanya, hao 8 walikalia viti vya watu wengine ripoti ikiwa imeshachapwa, kisha nao wakafutwa. Na kwa kuwa hakuna jina la karatasi lililopotea, basi viti hivyo vilikuwa vya aina 7 peke yake, makosa matupu. Nikifikiria hivyo hesabu inakaa sawa kabisa. Lakini kukaa sawa si kuwa kweli, nawe ndiye uliyeniambia hivyo, siku ile ya salio lililolingana kwa bahati. Sitaki kuwafuta watu 8 kwa sababu wananiharibia jumla.

Sasa jibu lako, nisije nikasahau tena. Ile kweri yako ya huko kwako, kwenye hifadhidata ya MySQL, inayotafuta kwa namba ya akaunti na inachukua dakika nzima: umeandika namba bila alama za nukuu, lakini safu yenyewe umeitangaza kuwa maandishi. MySQL ikikuta maandishi upande huu na namba upande wa pili, inayageuza maandishi kuwa namba rekodi kwa rekodi, na indeksi, ile orodha ya kutafutia haraka, haiwezi kuisaidia, kwa sababu '1', '01' na ' 1' zote zinageuka kuwa 1 na ndani ya indeksi haziko pamoja. Weka nukuu tu. Kisha endesha EXPLAIN tena, ile amri inayoonyesha MySQL itatafutaje: pale kwenye type palipokuwa na ALL (inasoma jedwali zima) unapaswa kuona ref (inatumia indeksi), na hesabu ya rows itashuka sana. Usiigeuze safu iwe namba kwa kuona njia ya mkato, akaunti zako zinaanza na sifuri, utazipoteza. Na kwenye ile ripoti ya pili, YEAR(tarehe) = 2023 inaifunga macho indeksi ya tarehe. Andika tarehe >= '2023-01-01' AND tarehe < '2024-01-01'. Ni ndefu kidogo, lakini inakwenda moja kwa moja kwenye sehemu yake. Kama bado nzito baada ya hayo, nitumie matokeo yote ya EXPLAIN, nami safari hii nitajibu siku hiyo hiyo.

Kitu kingine nilichokiona kwenye mfumo wetu wa zamani nikipita: ile sehemu ya kadi inatunza muda kwa sekunde tangu 1970, katika namba ya biti 32. Hiyo inajaa tarehe 19 Januari 2038. Kadi zinazotolewa kwa muda mrefu zitagusa tarehe hiyo mapema kuliko tunavyodhani. Nimeshaipanulia nafasi kwenye mfumo mpya, nakuambia tu ili ukague huko kwako, maana najua ulichukua sehemu ile ukaenda nayo.

Nirudi kwenye mstari wako. Kinachonisumbua si hesabu tu. Kila mtu hapa ananiambia mfumo wa zamani ni takataka, tuufute tuanze upya, na kila ninapofungua faili nakuta uamuzi wa mtu aliyefikiri. Sharti la 7, nyota, hata yale mapengo. Nikiuhamisha bila kuelewa, nitakuwa nimehamisha namba na kuwaacha watu. Yule mama wa taarifa iliyokunjwa angebaki nje milele, na hakuna kompyuta ambayo ingelalamika.

Tunafunga robo mwaka tarehe 30, na Fundi Mkuu anataka ripoti mpya iwe imethibitishwa kabla ya hapo. Naomba saa moja yako kwa simu, usiku wowote, hata kama ni usiku sana. Nitakuwa na faili zote zimefunguliwa, wewe utasema tu. Majina ya wanachama sitakutumia, nitakusomea namba za rekodi.

Basi niambie: 12/03/05 ni 12 Machi au 3 Desemba? Nauliza kwa sababu utaratibu wa kujitoa ulibadilika Juni ile. Aina 7 ni makosa ya kuingiza kweli, au iliwahi kuwa na maana nyingine kabla? Nani alikuwa na ruhusa ya kuiweka, wewe peke yako au hata Mama Risiti? Ulitumia tena nafasi za rekodi zilizofutwa? Kama ndiyo, za aina 7 tu au zozote? Uliwahi kuendesha PACK hata mara moja, na kama uliwahi, ulitunza nakala ya kabla? Lile daftari lako la kijani lenye maelezo ya majedwali uliondoka nalo, au limebaki kwenye kabati ambalo nimeshalipekua mara 3? Na kweri yako, imepona? Mgongo je? Watoto wameanza shule ile mpya?

Nikishapata majibu nitayaandika juu ya mstari ule, chini ya maneno yako, bila kuyafuta. Kama hutaki herufi zako zibaki pale niambie, ila mimi ningependa zibaki.

Nasubiri simu yako.

Ni mimi, jirani yako wa meza ya dirishani