Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa 2024

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, na kwa waliofiwa mwaka huu narudia pole za chama. Hesabu zitasomwa na mweka hazina. Mimi nitakaa sana kwenye stima, kwa kuwa hakuna jambo lililowaleta ofisini wengi kuliko hilo. Mwenye kinu cha posho, mchomeleaji, mwokaji mikate, mwenye friji ya maziwa, wote waliuliza swali moja: tunaishi Naivasha, mvuke wa ardhini unaozalisha stima kule Olkaria tunauona kwa macho, mbona bili haishuki?

Mna haki ya kuuliza. Serikali imeahidi kwamba kufikia 2030 stima yote ya gridi itatoka kwenye vyanzo safi, na tayari karibu asilimia 90 inatoka huko. Mvuke peke yake unazalisha zaidi ya asilimia 40. Ahadi hiyo naiunga mkono bila kusita. Wa rika langu wanakumbuka mgao wa mwaka 2000, ukame ulipopunguza maji kwenye mabwawa ya Mto Tana, tukakaa gizani kwa zamu huku nchi ikikodi mitambo ya dizeli kwa bei ya kuumiza. Visima vya Olkaria havingoji mvua. Kwa mtu anayelisha watoto kwa mashine ya stima, hilo si dogo.

Lakini ahadi hutekelezwa kwa mikataba, na kilichoandikwa mkatabani ndicho kinachoingia kwenye bili. Chukueni mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, megawati 310, mitambo 365 kule Loiyangalani. Mitambo ilikamilika 2017. Laini ya kuifikisha stima kwenye kituo cha gridi cha Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikamilika Septemba 2018. Kwa kuchelewa huko nchi ilitozwa mabilioni ya shilingi kwa stima ambayo haikuwasha hata taa moja, kwa kuwa ndivyo mkataba ulivyosema. Mkataba wenyewe ni wa miaka 20 na bei yake ni ya yuro. Shilingi ikianguka, tofauti inaletwa kwetu kwenye mstari wa bili wa marekebisho ya fedha za kigeni.

Mwaka huu mstari huo ulitusaidia. Januari dola ilifika karibu shilingi 160. Kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa karibu 130, na bili zikapungua. Baadhi yenu mlinipigia simu mkishukuru, mkidhani ni matunda ya barua yetu kwa mdhibiti wa kawi, anayeidhinisha bei za stima. Niwe mkweli kwenu: ni shilingi iliyopata nguvu. Ikidhoofika tena, bili zitapanda tena, hata kama hakuna mtambo mmoja wa dizeli uliowashwa.

Jambo la pili ni saa, na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Usiku wa manane upepo wa Turkana huvuma kwa nguvu, nasi tumelala. Stima inazidi mahitaji, na Olkaria hulazimika kuachilia mvuke hewani. Jioni, kila nyumba inapowasha taa na jiko, dizeli inaitwa kusaidia, na gharama yake inaingia kwenye tozo ya mafuta. Tangu Desemba 2017 wateja wakubwa wa viwanda wana bei nafuu ya usiku. Kwa wenzetu wenye mita za tokeni, uniti ya saa nane usiku na ya saa moja jioni ni bei moja. Mwokaji anayeamka saa tisa kukanda unga anatumia stima ambayo ingepotea, na halipwi hisani yoyote kwa hilo. Kamati imekubaliana kwamba bei nafuu ya usiku kwa wenye mita za tokeni ndilo dai letu la kwanza.

Mliuliza pia kuhusu mrabaha, yaani malipo ambayo wazalishaji hutoa kwa mvuke wanaouchimba ardhini. Sheria ya Kawi ya 2019 inagawa mrabaha wa jotoardhi hivi: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii ya eneo husika. Chama chetu si jamii kwa maana ya sheria hiyo, kwa hiyo hatuwezi kudai fungu. Tunaweza kuuliza kaunti inalitumiaje lake, na tutauliza.

Kuhusu paneli za jua, wanachama waliofunga wamepata nafuu, hasa wanaofanya kazi mchana. Kanuni za 2024 zinaruhusu stima ya ziada kurudishwa kwenye gridi na kuhesabiwa kwenye bili. Nawasihi jambo moja: msichukue mkopo kabla fundi hajapima mashine zenu. Injini ya kinu inapoanza kuzunguka huvuta stima nyingi kuliko inavyovuta ikishashika mwendo, na kuna mwenzetu aliyelijua hilo akiwa ameshalipa.

Bei za sasa ziliidhinishwa kuanzia Aprili 2023 na zinafikia mwisho Juni 2026. Kabla ya hapo mdhibiti ataita maoni ya umma, na safari hii hatutaenda mikono mitupu. Kila mwanachama amletee katibu jumbe zake za tokeni za mwaka mzima, zikionyesha pesa za stima na tozo nyingine, pamoja na saa anazofanya kazi. Katibu atazipokea kuanzia Jumatatu.